Gari lifike zahanati: shajara ya kata, Septemba 2024 hadi Aprili 2025

Septemba 2024, wiki ya kwanza

Kwenye mkutano wa hadhara chini ya mti wa mkungugu, bibi mmoja alisubiri wenzake wote wamalize kuuliza ndipo akainuka. Alinisalimu mimi diwani wake kwa Kigogo, mbukwenyi, akanishukuru kwa zahanati, kisha akasema: "Sasa mwanangu, nitaifikiaje?" Watu walikaa kimya. Sikuwa na jibu la kumridhisha, nikaahidi kulitafuta, na nikaahidi pia kwamba kila hatua nitaiandika ili wananchi wa kata waisome. Ndiyo maana ya shajara hii.

Kwa asiyeijua kata yetu: tuko mashariki ya Jiji la Dodoma, kule mashamba ya zabibu yanakoanza kuonekana kati ya mashamba ya uwele na alizeti. Daladala zinatoka mjini kwa lami hadi njia panda. Kutoka hapo kuna kilometa tano za vumbi mpaka zahanati, na katikati kuna korongo. Wananchi walianza kuijenga zahanati kwa nguvu zao, mawe na mchanga wakasomba wenyewe, boma likafika lenta likasimama. Baadaye tukapata shilingi milioni 50 za Serikali za kukamilisha, kama maboma mengine mengi nchini yalivyopata. Ilifunguliwa mwezi Julai. Ina tabibu mmoja, nesi mmoja na mlinzi.

Leseni ya ruti inasema gari linafika mtaa wa mwisho, mbele ya zahanati. Magari yanageuzia njia panda.

Septemba, wiki ya pili

Siku ya kliniki nilikwenda kukaa njia panda tangu saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa na daftari tu. Hadi saa nne nilihesabu akina mama kumi na mmoja walioshuka na watoto mgongoni, wawili kati yao wajawazito. Haisi tatu zilikuja na zote zikageuza. Nilimuuliza konda mmoja kwa upole kwa nini asiendelee. Hakunificha: "Mheshimiwa, huko mbele napata abiria wanne. Na lile korongo likinivunjia springi, tajiri hanielewi." Sikumwona mtu mbaya. Nilimwona mtu anayepeleka hesabu jioni.

Akina mama saba walianza kutembea. Wanne wakapanda bodaboda, shilingi 2,000 kwenda, na kurudi hivyo hivyo.

Nikiwa bado nimekaa pale nilipiga hesabu ambayo tangu hapo nimeirudia katika kila kikao. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mjamzito ahudhurie kliniki mara nane. Mara nane kwa shilingi 4,000 ni 32,000. Mchango wa CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, kwa kaya ya watu sita, kwa mwaka mzima, ni shilingi 30,000 huku mikoani. Kwa hiyo mama wa mtaa wa mwisho anatumia kwenye bodaboda ya mimba moja fedha inayozidi bima ya nyumba nzima. Na huduma yenyewe ya mjamzito kwa sera yetu ni bure! Serikali imemwondolea gharama ya dirishani, na gharama imemhamia barabarani. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimeweka usafiri kwenye faili moja na afya kwenye faili jingine. Niliporudi ofisini nikayaunganisha.

Oktoba 2024

Barua tatu.

Ya kwanza LATRA, kuhusu magari yanayokatisha ruti. Ya pili TARURA, kuhusu korongo. Ya tatu kwa Mganga Mkuu wa Jiji, kuhusu kata kupata dereva wa m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito, na kuhusu watumishi wetu wawili ambao hawana nyumba, wanapanga karibu na njia panda na kila asubuhi wanakuja kwa miguu au kwa boda kama wagonjwa wao.

Wananchi wengi hudhani diwani anaweza kuagiza greda, kwa hiyo nieleze. Barabara za mitaani na vijijini tangu Julai 2017 ziko chini ya TARURA. Leseni, ruti na nauli za daladala ni kazi ya LATRA. Zahanati ni ya Jiji, chini ya TAMISEMI. Hawa watatu hawakai meza moja kujadili korongo letu, na hakuna sheria inayowalazimu. Nilicho nacho mimi ni muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, taarifa ya kata ninayosoma kwenye baraza la robo mwaka, na haki ya kuuliza swali. Ni vitu vidogo, lakini karatasi iliyopokelewa kwa mhuri haipotei kirahisi kama maneno.

Kwenye barua ya LATRA niliweka takwimu za sensa. Mwaka 2012 Dodoma mjini tulikuwa watu 410,956. Sensa ya Agosti 2022 ilitukuta 765,179. Wengi wa walioongezeka wamejenga pembezoni, kwenye viwanja vipya, wakati magari bado yanafuata mazoea ya mji wa zamani, Sabasaba na Jamatini. Hoja ya "huko mbele hakuna abiria" ilikuwa kweli miaka kumi iliyopita. Sasa abiria wapo, ila wamezoea kutembea, na anayetembea haonekani na konda.

Novemba 2024

Hakuna kilichosogea. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27, na kabla yake kila mwenyekiti alikuwa na shughuli yake. Kamati yetu ya usafiri ilibaki na mimi na Mtendaji wa Kata. Baada ya uchaguzi tumepata sura mpya kwenye baadhi ya mitaa, na ilibidi nianze kueleza upya tangu njia panda. Sikulalamika. Mwenyekiti mpya wa mtaa wa mwisho ni dereva wa zamani wa malori, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Korongo lina upana gani, na chini ni mchanga au mwamba?" Kwa muda wa miezi mitatu hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Tulikwenda naye tukapima kwa kamba. Chini ni mwamba kwa sehemu kubwa, mchanga uko juu tu. Nikaandika.

Desemba 2024

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha usiku. Wanaoishi Dodoma wanajua korongo letu lilivyo: mchana unavuka na kandambili, usiku linanguruma.

Saa saba usiku simu yangu ililia. Mwenyekiti. Kuna mama ana uchungu tangu jioni, nesi amepigiwa simu na anasema yeye asisubiriwe, mama apelekwe kituo cha afya. Ndugu walishapiga 115. Namba hiyo ni bure, na anayepokea yuko kwenye kituo cha uratibu cha mkoa. Anauliza dalili, anaangalia gari la wagonjwa liko wapi, na kama liko mbali anampigia dereva wa jamii aliye karibu zaidi, mtu mwenye gari lake aliyeandikishwa na halmashauri. Mfumo huu wa m-mama Rais Samia aliuzindua hapa hapa Dodoma, Aprili 2022. Usiku ule ulifanya kazi yake: dereva alipatikana ndani ya dakika chache.

Dereva akafika kwenye korongo. Yeye upande ule, mama upande huu, maji yakipita katikati.

Nilifika wakati vijana wanne wameshamfunga mama kwenye kitanda cha kamba, wanatafuta pa kukanyaga kwa tochi za simu. Mwenyekiti alikuwa mbele na fimbo ndefu akipima kina, akitaja kwa sauti: "Goti. Goti. Paja. Simama. Rudi kushoto. Goti." Mama mkwe alikuwa nyuma akibeba beseni lenye kanga na wembe mpya ndani ya karatasi yake, na hakulishusha hata mara moja ingawa maji yalimfika kiunoni. Walipofika ng'ambo, dereva alikuwa amelaza kiti cha mbele na kutandika shuka. Hakuuliza nauli. Hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa, pale mhudumu anayempokea anapothibitisha kwamba amefika.

Mtoto wa kike. Wote wazima.

Watu walinipongeza siku iliyofuata na sikujua niwajibu nini. Vijana wanne, fimbo na bahati, huo si mpango wa afya wa kata. Wiki hiyo hiyo tuliandika majina mawili ya wenye magari wanaoishi upande wetu wa korongo, ule wa zahanati, tukayapeleka kwa mratibu wa m-mama ili wakaguliwe. Mmoja alikubaliwa, wa pili leseni yake ilikuwa imekwisha muda. Dereva wa upande huu hawezi kuvuka mafuriko, lakini anaweza kumfikisha mama ukingoni akiwa amekaa kwenye kiti, naye yule wa ng'ambo akampokea. Ni nusu ya jibu.

Januari 2025, wiki ya kwanza

Siku nzima na kamati ya usimamizi ya zahanati. Siku hii nilijifunza mengi kuliko yote.

Wanakamati wengi walidhani fedha za zahanati ziko Jiji na wanachosubiri ni kugawiwa. Sivyo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo. Kituo kinapanga, kamati inaidhinisha, kituo kinanunua. Ya kwetu ilikuwa imeshaingia. Ilikaa bila kuguswa kwa sababu mpango wa matumizi haukuwa umeandikwa, na wanakamati wawili walikuwa wanangoja kuitwa. Hakuna aliyeiba wala aliyezembea kwa makusudi. Watu walikuwa wamekaa mbele ya chungu kilichofunikwa, wakisubiri mtu wa kuwaambia kuna chakula.

Tukafungua leja ya dawa. Nesi alitupitisha mstari kwa mstari, kidole chake kikishuka kwenye safu ya "salio". Dawa ya kuharisha kwa watoto ipo. Vidonge vya kuongeza damu vipo. Kwenye dawa mbili za shinikizo la damu kulikuwa na sifuri, na sifuri hiyo ilikuwa na wiki kadhaa. MSD, yaani Bohari ya Dawa ya Serikali, ilikuwa imeshajibu kwamba kwa wakati huo hazipo ghalani. Nikauliza, basi mshitiri? Mjumbe mmoja akashangaa mshitiri ni nani.

Hili linaniuma kidogo kwa sababu utaratibu wa mshitiri ulizaliwa kwetu. Ulianza kujaribiwa mkoa wa Dodoma mwaka 2014, na kufikia 2018 ukawa wa nchi nzima. MSD ikikosa dawa, kituo hakihitaji kuzunguka maduka ya mjini kutafuta bei. Mkoa una msambazaji mmoja aliyeshindanishwa, bei zake zinajulikana, na oda hupitia halmashauri. Kituo kinachohitaji ni ile taarifa ya MSD ya kukosa dawa, na fedha kwenye akaunti. Vyote viwili tulikuwa navyo mezani.

Mpango uliandikwa jioni ile. Tabibu alisema kitu nilichokinukuu neno kwa neno: "Wazee wa presha walikuja mara mbili wakakosa. Mara ya tatu hawaji tena, maana boda ni elfu nne." Dawa ikikosekana kwa mtu anayeishi jirani na hospitali, amepoteza saa moja. Kwa mzee wetu, amepoteza fedha ya mboga ya wiki, na imani.

Januari, wiki ya nne

Dawa za presha zimefika. Makatoni mawili. Mwenyekiti wa kamati alihesabu pamoja na tabibu na wote wakasaini.

Nesi ametoa wazo ambalo sisi wanasiasa hatukuliona. Anasema: kwa nini kliniki iko Jumanne, wakati mnada ni Alhamisi? Siku ya mnada, kiangazi, magari yanapita yenyewe hadi ng'ambo ya korongo bila kusukumwa na mtu, kwa sababu kuna mbuzi, kuku, mitumba na abiria wa kutosha. Tunahangaika kuleta gari kwenye kliniki, na tungeweza kuileta kliniki kwenye siku ya gari.

Kuna waliopinga. Tabibu aliogopa msongamano. Akina mama wawili walisema siku ya mnada ndiyo siku yao ya kuuza karanga na mlenda mkavu, hawawezi kukaa foleni. Tukakubaliana kupima kwa miezi miwili: chanjo na kliniki ya wajawazito vihamie Alhamisi kuanzia saa moja na nusu asubuhi kabla mnada haujachangamka, na ya Jumanne ibaki kwa wanaoishi jirani. Haikugharimu hata shilingi moja.

Februari 2025

Bajeti. Niliomba kalavati kubwa la njia tatu kwenye korongo. Nimepata drifti na kilometa mbili za changarawe. Lazima niseme wazi kwa wananchi tofauti yake ili baadaye asitokee wa kusema tumedanganywa. Kalavati linapitisha maji chini na gari linapita juu wakati wowote. Drifti ni sakafu ya zege iliyotandikwa kwenye kitanda cha korongo, maji yanapita juu yake, nawe unasubiri yapungue. Mvua kubwa ikinyesha, utasubiri saa kadhaa. Lakini drifti haliumizi springi wala gari halizami mchangani, na kwa kuwa chini yetu ni mwamba, mhandisi alisema litakaa vizuri. Vile vipimo vya kamba vya mwenyekiti alivichukua, akavihakiki kwa vyombo vyake, na vilikuwa karibu sawa.

Je, niliridhika? Hapana. Kule mjini treni ya SGR, iliyozinduliwa Agosti 2024, inamleta mtu kutoka Dar es Salaam kwa muda wa takriban saa nne, na ninajivunia kama Mtanzania yeyote. Mama wa mtaa wa mwisho hutumia karibu saa mbili kwa kilometa tano. Nilisema hivyo barazani, na nitaendelea kusema, kwa sababu fedha ya kalavati moja la kata ni ndogo sana na ndiyo maana ni rahisi kusahaulika.

Machi 2025

Wiki mbili za kwanza mkandarasi alileta kokoto, akachimba, akaondoka. Simu ikawa haipokelewi. Shimo lilibaki wazi, na kwa siku tisa hata bodaboda zilizunguka. Nilikwenda kila asubuhi, na kila asubuhi nilimpigia mhandisi. Siku ya kumi mafundi walirudi. Sababu niliyopewa ni kuchelewa kwa malipo ya awali. Zege lilimwagwa Ijumaa na vijana wa mtaa wakalimwagilia maji asubuhi na jioni kwa zamu, bila posho, maana kila mmoja alijua ni nani aliyebebwa pale Desemba.

Wakati zege linakauka, tuliita wenye haisi na madereva. Tulikuwa na hesabu ya Alhamisi sita mfululizo za kliniki ya mnada, iliyoandikwa na mlinzi wa zahanati mlangoni. Kila Alhamisi waliokuja kliniki walikuwa wengi kuliko Jumanne yoyote ya mwaka jana. Tajiri mmoja wa haisi mbili aliichukua ile karatasi, akaisoma taratibu, akasema: "Hawa wote wanalipa boda?" Nikamjibu ndiyo. Akasema nauli inayotambuliwa na LATRA kwa kilometa kumi za kwanza ni 600 tangu Desemba 2023, na yeye akipata robo tatu ya gari kwenda na kurudi, anaingia. Makubaliano: safari mbili za uhakika kupita zahanati kila Alhamisi na moja kila Jumanne. Kwa siku nyingine ruti kamili inabaki kudaiwa kama leseni inavyosema, na barua yangu ya Oktoba haijafutwa.

Aprili 2025, Alhamisi ya kwanza baada ya drifti kufunguliwa

Saa moja na dakika ishirini asubuhi haisi ya kwanza ilivuka. Nilikuwa nimesimama ng'ambo na Mtendaji. Dereva alipunguza mwendo, tairi za mbele zikagusa zege, akatazama pembeni kama anayeingia nyumba ya watu, kisha akapita. Konda alikuwa mlangoni akiita vituo vyake, na kwa mara ya kwanza nikasikia kimoja kikiitwa: "Zahanati, zahanati, wa zahanati sogea!"

Nesi alishuka kwenye gari hilo hilo. Alifungua mlango kabla ya saa moja na nusu.

Baraza la Madiwani litavunjwa Juni kupisha uchaguzi mkuu, kwa hiyo nimempa Mtendaji nakala ya faili lote, maana yeye anabaki. Bado hayajakamilika: nyumba ya watumishi, ambayo imeingia kwenye maombi maalum lakini haijapewa fungu. Kalavati. Leseni ya dereva wa pili wa m-mama. Ruti ya siku za kawaida.

Na la tano nimeliongeza leo. Yule bibi wa Septemba alikuja kuchukua dawa ya presha. Alifika kwa haisi, akapimwa, akapewa dawa za mwezi mzima. Nilimkuta barabarani saa tisa na nusu akitembea kurudi. Gari la mwisho linageuza saa nane, na foleni ya dawa iliisha saa tisa. Nimempigia tajiri wa haisi. Amekubali tuonane Jumatatu kuhusu saa ya kurudi.